Barua Zenu: Nakwenda kuviona vyuo vya Dodoma, niulize nini?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa unasihi katika sekondari moja huku Manyoni. Kidato cha sita chetu kina tahasusi tatu: EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Kila mwaka wanafunzi wanachagua vyuo kwa kuigana. Mmoja akiandika udaktari, dawati zima linaandika udaktari. Mkuu wa shule ameniruhusu niende Dodoma siku tatu wakati wa likizo fupi nikavione vyuo kwa macho yangu. Naogopa nisije nikarudi na mkoba wa vipeperushi tu. Nianzie wapi, na niulize nini?
Mwalimu, Manyoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nisalimie mkuu wako, maana wapo ambao ukiwaomba ruhusa ya namna hii wanakuuliza kwanza kama umemaliza silabasi.

Umebahatika na wakati. Ungekwenda Agosti au Septemba ungekuta majengo na walinzi. Wanafunzi wako likizo au fildi. Wewe unataka siku ya kazi, watu wakikimbilia vipindi.

Kabla ya kupanda basi, soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Sifa za kujiunga zote zimo humo, na ofisi ya udahili ukiiuliza itakusomea yaleyale. Kwa shahada, kiwango cha chini ni masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Lakini hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu, kwa hiyo lile dawati lako zima unaweza kulipunguza ukiwa hapohapo Manyoni, bila nauli.

Jambo la pili, tafuta namba za simu za waliomaliza shuleni kwako wakaenda vyuo hivyo. Hao ndio wenyeji wako. Barua ya mkuu wa shule ipeleke ofisi ya mshauri wa wanafunzi ili usionekane mzururaji, kisha waache maofisa wafanye kazi zao, nawe nenda kwenye vimbweta, zile meza na benchi za nje wanakosomea. Pale mwanafunzi amekaa na daftari na chupa ya maji, hana sababu ya kukusifia chuo. Muulize mwaka wa kwanza watu wanapata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye somo gani, na waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, walishindwa wapi. Kwenye mwongozo hutayakuta hayo, na ndiyo utakayokwenda kumwambia kijana wako wa HGL anayetaka fani yenye takwimu ndani yake huku hesabu aliziaga kidato cha nne.

Muulize pia kuhusu bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo. Niliwahi kukaa na binti wa mwaka wa kwanza aliyenifungulia ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Alikuwa ameligawa bumu kwa kalamu nyekundu: chakula, fotokopi, bando, nauli, na mstari wa chini kabisa ameandika "mdogo wangu, sare". Fotokopi ilizidi nauli. Nikamuuliza mbona chakula amekikata na kukiandika upya mara mbili. Akasema, "Mama, bumu lilichelewa." Basi waambie wako wabaki na akiba ya kuanzia, hata walio na mkopo. Na fomu ya Bodi ya Mikopo isiwakute hawana cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Hilo lianze sasa, lisisubiri matokeo ya Julai.

Sasa safari yenyewe. Siku ya kwanza yote wape UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Ndaki zake, yaani vitivo vyake vikubwa, zimetawanyika huko vilimani, na kutoka moja hadi nyingine si mwendo wa miguu kama unavyodhani. Chagua mbili zinazowahusu watoto wako, sayansi za afya na kompyuta kwa mfano, uache nyingine. Omba ukae nyuma kwenye mhadhara wa mwaka wa kwanza. Mtoto aliyezoea mwalimu anayemjua kwa jina ajue atakuwa mmoja kati ya mamia, na asipouliza hataulizwa. Halafu tembea kwa miguu kutoka hosteli hadi ukumbini saa sita mchana. Jua la Dodoma unalijua. Ukimaliza shuka Ng'ong'ona wanakopanga wale wanaoishi nje ya chuo, uulize mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo.

Siku ya pili nenda Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, palepale ilipokuwa Mazengo Sekondari. Hiki na UDOM vyote vilianza 2007, ila havifanani hata kidogo: huku kuna eneo dogo, mji uko karibu, na watoto wa PCB wana uuguzi na famasi. Mchana pita Mipango, yaani Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kule Miyuji. Vijana wa EGM wanakisahau chuo hiki kwa sababu jina lina "vijijini" ndani yake. Ujinga mtupu.

Siku ya tatu ni ya wale watakaokosa pointi, na kila darasa wapo. Nenda chuo kinachotoa stashahada. Kama ni Hombolo, kwenye Chuo cha Serikali za Mitaa, usipange jambo lingine siku hiyo, ni nje ya mji. Uliza waliomaliza stashahada wameendelea na shahada kwa njia gani. Mwenye GPA ya 3.0 mlango wake uko wazi.

Na popote utakapoonyeshwa maabara, omba ifunguliwe. Kuna chuo, jina nalihifadhi, nilionyeshwa maabara kupitia dirishani, mwenye ufunguo yuko safarini. Nilipowauliza wanafunzi anarudi lini, wakacheka.

SWALI: Mama, binti yangu amechaguliwa vyuo viwili. Anataka athibitishe vyote, kimoja cha akiba. Afanyeje?
Mzazi, Mpwapwa

JIBU: Kimoja tu, tena kabla tarehe iliyotangazwa haijapita. Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, lakini TCU bado inaona majina yote, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima aamue. Atatumiwa namba maalumu ya kuthibitishia. Kwa hiyo ile laini ya simu aliyojazia fomu, kama ni ya kaka yake aliyekwenda machimboni, mtafuteni leo.