Nilimkatia mwanangu dawa siku 9, nisikilizeni

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi saa saba usiku, mwanae wa miaka 7 kaandikiwa Ritalin, dawa ya watoto wanaoshindwa kutulia, na kichupa kipo juu ya friji wiki ya pili hajakifungua, ananiuliza mi nilianzaje. Dada, mi nilianza hivyohivyo, juu ya friji.

Kijana wangu alikuwa darasa la pili hapa Columbus, Ohio. Kila siku simu ya shule, mara kapanda meza, mara karudi bila koti na nje barafu. Nilimchapa. Sitaki kujificha, nilimchapa kwa kitu asichokiweza na mpaka leo inaniuma. Kupimwa kwenyewe hakuna damu wala picha, ni fomu za maswali, mi nikajaza na mwalimu akajaza, ikaonekana ni ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini. Akaanzishiwa miligramu 5 asubuhi na 5 mchana kwa nesi wa shule.

Mama mkwe akapiga toka Tanga, "mwanangu, mbona mnamlevya mjukuu wangu na dawa za juzijuzi?" Za juzi wapi, hiyo dawa imetengenezwa 1944, inamzidi umri yeye mwenyewe! Wifi yangu ndo akamaliza, kaandika kwenye grupu la familia kwamba mi nataka mtoto asinzie nipumzike. Watu 43 wakasoma.

Maneno yakaniingia. Na kweli chakula cha mchana kilikuwa kinarudi hakijaguswa, kilo 2 zikakatika, na kidonge kile kinafanya kazi masaa kama manne tu, kikiisha jioni ni kulia bila sababu. Nikaacha kumpa kimyakimya, daktari sikumwambia. Siku ya 9 katoka mbio kwenye geti la shule kafuata paka barabarani, gari likafunga breki miguuni kwake. Hapo siandiki zaidi.

Daktari hakunigombeza. Alimpima uzito, urefu, presha, akasema ungenipigia tu mama, akambadilishia kile cha kutwa nzima, kinamezwa mara moja asubuhi na hakitafunwi. Ukikichelewesha usiku hakuna kulala, nimeyaona.

Kwa hiyo mlishe KABLA. Uji wa karanga na mayai mawili saa kumi na mbili na nusu, halafu ndo kidonge. Mchana usigombane nae, saa mbili usiku njaa inarudi na ugali anaufuta. Narudia, mlishe kabla. Na huku kila mwezi ni cheti kipya cha daktari, 2023 dawa iliadimika nikazunguka famasi nne, usisubiri kidonge cha mwisho.

Na nyie mnaosema ni ugonjwa wa wazungu, tuliosoma nao wangapi waliitwa watukutu wakala fimbo mpaka wakaacha shule? Acheni kuogopa maneno ya watu, muogope lile gari. Dada, mpigie daktari kesho umwambie unachoogopa, na kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa moyo mwambie pia kabla hujaanza, usimfiche.

Wangu sasa yupo darasa la tano, anasoma kitabu mpaka mwisho, ripoti nimeibandika pale pale kwenye friji. Wifi nae mwezi uliopita kanipigia pembeni, kadogo kake kanasumbua shule, anataka kujua nilianzia kwa daktari gani. Nilimuelekeza vizuri tu, lisaa lizima. Ule ujumbe kwenye grupu hajaufuta.