Tripodi Nyepesi na Upepo wa Kusi: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Shikamoo, mzee wa kamera. Mimi ni kijana wa Malindi, mtaa wa Shela (Shela yetu, si yenu ya Lamu). Mwezi wa saba natembea na wenzangu wawili, mabegi mgongoni: tunaanza Marafa kwenye yale makorongo mekundu, kisha basi hadi Mokowe, tuvuke Lamu, halafu tutembee ufukweni kutoka Shela hadi Kipungani. Nina Sony A6000 ya mkono wa pili na lenzi yake ya milimita 16 hadi 50. Nataka kupiga nyota. Nimeweka shilingi 9,000. Dukani nimeonyeshwa tripodi tatu, vile visimamo vya kamera vya miguu mitatu: ya 2,500, ya 8,500, na ya kaboni ya 24,000 ambayo muuzaji asema nikope tu, sitajuta. Kila ninayemuuliza aniambia bora ni iliyo nyepesi. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua ya 8,500, mradi ipite mitihani nitakayokutajia, na zile 500 zinazobaki ununue mswaki, kopo dogo la grisi na soda ya kuteremshia vumbi la Marafa. Ya 24,000 muachie mwenyewe. Ya 2,500 usiiguse, na hapa ndipo patakapokuwa na ubishi, kwa maana huenda hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote.

Ndugu yake nilimnunua mie. Wakati huo kazi yangu ilikuwa picha za pasipoti na harusi hapa Langoni, Lamu, na kamera ilikaa studio juu ya chuma kizito ambacho hata punda angekigomea. Nikatamani kwenda kupiga magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Katika duka moja Mombasa nikaona kitu cha rangi ya fedha, kina mkono kama wa sufuria, kimetiwa kwenye mfuko mweusi. Shilingi 2,800. Nikakining'iniza kidoleni: chepesi kama mwiko. Nikalipa nikicheka.

Tukaenda Manda na maji yamejaa, mashua ikapita katikati ya mikoko, tukashuka. Nikaisimamisha mbele ya ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla. Nahodha, mzee ambaye simu yake huwashiwa na wajukuu, akaitazama akaniuliza, "Mbona yatetema, na upepo haujaja?" Upepo ukaja. Klipu ya mguu mmoja ilikuwa ya plastiki. Ikaachia, mguu ukaingia ndani kama kichwa cha kobe, na kamera ikaangukia jiwe la tumbawe. Lenzi nyingine ilinigharimu 14,000. Kwa hiyo tripodi yangu ya 2,800 ilikuwa ya 16,800, na picha sikupata.

Bibi zetu waliinjika chungu juu ya mafiga matatu kwa sababu vitatu havichezi hata ardhi ikiwa na mashimo. Lakini mafiga yale yalikuwa mawe. Ya kwako lazima yawe mepesi na yakae kama mawe, na hapo ndipo pesa zinapokwenda.

Itazame vizuri ile ya 2,500. Utaona vijiti vitatu vinavyounganisha miguu na nguzo ya kati. Vijiti hivyo huilazimisha miguu yote ifunguke sawa. Studio hakuna neno. Ukingoni mwa korongo la Marafa, ambako mguu mmoja wataka kukaa chini, wa pili juu ya bonge la udongo na wa tatu ukae wazi kabisa, haitakubali. Tripodi ya msafiri kila mguu una kituo chake juu, pale begani, unaufungua peke yake kwa pembe unayotaka. Hiyo 8,500 kama haina vituo hivyo, irudishe rafuni.

Sasa kaboni. Sikatai, nyuzi za kaboni ni nyepesi na huzima mtetemo upesi kuliko alumini. Lakini pima unachokilipia. Ipo tripodi moja maarufu ya wasafiri, ya Peak Design, iliyotoka mwaka 2019 kwa namna mbili zenye umbo lile lile: ya alumini ina kilo 1.56, ya kaboni kilo 1.27. Tofauti ni gramu 290. Bei zilipotoka zilipishana dola 250. Gramu 290, mwanangu, haifiki hata maji ya chupa ndogo, nawe Shela hadi Kipungani utabeba lita tatu na utazinywa zote. Mwenye fedha na anunue. Wewe usikope kwa ajili ya gramu.

Kamera yako na lenzi yake hazifiki nusu kilo. Kwa hiyo usitishwe na maandishi ya boksi, "hubeba kilo 8", "hubeba kilo 15". Namba hiyo huandikwa na mtengenezaji mwenyewe, kila mmoja kwa kipimo chake. Swali si kama itavunjika, swali ni kama itatulia.

Ndiyo mitihani yenyewe. Mwambie muuzaji akufungulie miguu yote hadi mwisho, nguzo ya kati ikiwa chini. Weka kiganja juu ya kichwa cha tripodi, pale kamera inapokaa, kandamiza kwa uzito wa mkono. Hakuna mguu unaoruhusiwa kuteleza hata kidogo. Kisha shika kichwa ukizungushe kama unafungua kopo la kahawa: ikijipinda kama mkeka, ondoka. Mwisho funga kamera yako juu, kuza picha kwenye kioo, piga mguu kwa kidole kisha hesabu. Ikitulia kabla ya tatu, safi. Ukifika tano na picha bado yacheza, hiyo kwenye kusi la hapa kwetu usiijaribu.

Hesabu pia vipande vya mguu. Yenye vitano hukunjika ikawa fupi, yaingia ndani ya begi, muuzaji ataisifu sana kwa hilo. Lakini kila kipande ni chembamba kuliko cha juu yake, na cha tano huwa kama kalamu. Mimi nachukua vinne. Ikitokeza kidogo nje ya begi, itokeze.

Na urefu? Watu hutaka ifike usawa wa jicho. A6000 kioo chake cha nyuma huinuka, waweza kutazama ukiwa umeinama, hata umekaa. Ikifika kifuani bila kuvuta nguzo ya kati yatosha. Ile nguzo ya kati, ukiivuta, umechukua mafiga matatu ukasimamisha mchi juu yake.

Kichwa kiwe cha gololi, chenye kibati cha kutoa haraka (kile kinachofungwa chini ya kamera) cha mtindo wa Arca-Swiss, maana vibati vya mtindo huo hupatikana kila mahali, na ukipoteza chako (utakipoteza) hutatupa tripodi nzima. Skrubu ya kamera ni ya robo inchi, hiyo haina shida. Kati ya kichwa na miguu mara nyingi iko ya inchi 3/8. Hakikisha kichwa kinafunguka, siku moja utataka kukibadilisha.

Haya, nyota. Hapa wageni wengi hukosea, na nyinyi wa Malindi msijione hamumo. Ule mkusanyiko mzito wa nyota unaoutaka uko upande wa makundi ya nyota ya Akarabu (Nge) na Kausi (Mshale), na katikati ya mwezi wa saba hufika juu kabisa upande wa kusini kama saa nne na nusu usiku. Wataka giza la mwezi. Lakini giza la mwezi ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua pwani yetu hujaa kama saa kumi, hupwa kama saa nne. Kwa hiyo saa unayoitaka maji yako mbali, ufukwe ni mpana, yote mazuri. Ukipitiwa na usingizi hapo hapo, alfajiri maji yatakuja kukuamsha, yakianza na begi. Mwulize mvuvi yeyote wa Shela kabla hujakaa, wao hawahitaji programu ya simu.

Halafu kuna kusi lenyewe. Miezi ya nyota hizo ndiyo miezi ya upepo huo. Usifungue kipande cha mwisho kile chembamba. Kaa chini, piga goti, tripodi iwe fupi na miguu imetanuka. Begi ulining'inize kwenye ndoano ya kati, lakini liguse mchanga. Begi linaloelea hupigwa na upepo likageuka kengele, likaitikisa kamera yote. Mchanga ukiwa mkavu miguu huzama polepole na picha ya sekunde 20 (kamera ikinasa mwanga muda huo wote) ikaharibika bila wewe kujua. Dawa yake niliipata jikoni kwangu: vifuu vitatu vya nazi. Vifudikize, vikandamize kidogo, kila mguu juu ya kifuu chake. Havina bei, na uzito wake ni wa kucheka.

Sekunde 20 sikuzitoa hewani. Gawanya 500 kwa urefu wa lenzi ukishauzidisha kwa 1.5, kwa kuwa kihisio cha kamera yako, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo. 16 mara 1.5 ni 24, unapata karibu 20. Ukizidisha hapo nyota zitakuwa michirizi, kwa sababu dunia haikusubiri. Fungua tundu la lenzi hadi f/3.5, anza na ISO 3200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), zima SteadyShot, kile kituliza mtetemo, weka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili ili kidole chako kisiwe ndicho tetemeko. Lenga kwa mkono, kwa kukuza nyota moja kwenye kioo mpaka iwe ndogo kabisa.

Kwenye mashua ya kutoka Mokowe iache tripodi imefungwa. Bahari yatikisa vyote pamoja, mafiga hayasaidii.

Ukirudi nyumbani ndipo ule mswaki utakapojua kazi yake. Tripodi ambazo miguu yake hufungwa kwa kuzungusha hufunguka kabisa: legeza kola, ile pete ya kufungia mguu, mpaka itoke, vuta kipande taratibu. Utaona vipande viwili vya plastiki vilivyojipinda kama kucha, vimekumbatia bomba. Viweke mezani kwa mpangilio ule ule, mguu baada ya mguu. Mie nilivichanganya mara moja, nikakaa sebuleni toka adhuhuri hadi magharibi. Suuza mabomba kwa maji ya kunywa, si ya kisima cha chumvi, sugua nyuzi za skrubu kwa mswaki mpaka isisikike tena ile sauti ya mchanga kusagika, kausha kivulini, paka grisi kiduchu kwenye nyuzi tu. Ukipaka nyingi mchanga utaganda. Ukiacha chumvi kwenye alumini wiki moja, utakuta unga mweupe, na wiki nyingine kola haigeuki.

Na huko Kipungani, kabla ya kumwelekezea mtu kamera, salimu kwanza. Hili sikuambii kwa ajili ya tripodi.

SWALI: Mwalimu, mie ni mama wa mapishi, Mambrui. Nataka kujirekodi kwa simu nikichoma mahamri, picha itoke juu ya karai. Tripodi ya dukani yanizuia kupita jikoni. Nifanyeje?

JIBU: Bibie, usinunue tripodi ya kusimama chini. Jikoni mna watoto, mna mafuta ya moto, na mguu mmoja uliotokeza ni balaa. Tafuta ile ndogo yenye miguu inayojipinda kama ya pweza, mtindo wa GorillaPod, uifunge kwenye nondo za dirisha au kwenye ubao wa rafu, pamoja na kishikio cha simu cha skrubu ya robo inchi. Iwekwe pembeni ikiangalia kwa mshazari, isiwe juu ya karai moja kwa moja: mvuke wa mafuta hutia ukungu kwenye lenzi, na simu ikiponyoka wataka ianguke mezani, si kwenye mahamri. Kama nondo hamna, kopo la unga lililojaa mchele, simu imeegemea, lafanya kazi. Wangu wa nyumbani alirekodi hivyo Ramadhani nzima.

SWALI: Kuna mgeni ameondoka Lamu, ameniachia tripodi ya kaboni kwa shilingi 6,000, nimlipe kupitia rafiki yake. Ni nzuri, ila mguu mmoja una mstari mwembamba kama unywele. Nimepewa siku mbili niamue.

JIBU: Usilipe bado. Mstari huo waweza kuwa mkwaruzo wa rangi tu, au waweza kuwa ufa. Alumini ikigongwa hubonyea, utaona na utajua. Kaboni huficha, kisha siku moja hukatika. Pitisha ukucha kwa kukata mstari ule. Ukucha ukikwama, hiyo ni dalili mbaya. Kisha ichukue mahali pasipo na kelele, tuseme baada ya isha, uvute mguu wote nje, uugonge kwa sarafu ya shilingi ishirini kuanzia juu kwenda chini, sentimita kwa sentimita, na mguu mzima wa jirani uugonge vile vile ili sikio lipate cha kulinganisha. Penye uzima palia kavu, tang. Ukifika kwenye ule mstari sauti ikafa ghafla, ikawa kama unagonga chungu chenye ufa sokoni, ifunge kwenye mfuko wake, umrudishie rafiki yake kabla ya siku mbili kwisha.