Ahirisha safari ya Ijumaa: hakuna produsa anayeweza kusafisha ziwa

Mleta uzi, usiondoke Ijumaa.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Mko vijana watatu wa Kasulu, mnataka nyimbo nne zinazobebwa na sauti za asili: mawimbi, ndege, vyura, mvua kwenye majani ya migomba. Mmehamasishwa na ule mradi wa Sounds Right ulioanza Aprili 2024, ambao Asili yenyewe imesajiliwa kama msanii na mapato yanakwenda kwenye uhifadhi. Umeuliza mambo matano: ununue rekoda gani, kama simu inatosha, kibali cha hifadhi ya Gombe kinapatikanaje, programu gani ya kuchanganyia, na nyimbo mzipandishe vipi mtandaoni. Halafu mwishoni ukadondosha sentensi moja kama kitu kidogo: produsa amewaambia msihangaike na hedifoni, nyie mkalale Kalalangabo, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mrekodi ziwa, uchafu ataondoa yeye studio.

Hiyo sentensi ndiyo iliyoninyima usingizi. Niliambiwa maneno hayohayo, karibu neno kwa neno, na yaligharimu laki tano pamoja na asubuhi moja ambayo sijaipata tena.

Ilikuwa 2024. Mnakumbuka mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tulikuwa watatu kama nyie, mimi, binamu yangu na rafiki yetu mmoja mpiga gitaa, na tulitaka kwenda Julai. Usiku wa Julai ile nilikuwa nakaa ufukweni nasikia maji tu. Sijawahi kulisikia ziwa hivyo tangu nizaliwe. Produsa wetu, jina lake nalihifadhi, akasema hapana, subirini lifunguliwe, ziwa lenye wavuvi ndilo lina uhai. Tena nendeni usiku wa giza, ndio mzuri. Sisi tukaona mtu ana studio, ana spika kubwa, anajua. Tukasubiri.

Mtu yeyote aliyekulia Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, angemcheka. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, kwa sababu taa zao hazivuti kitu. Kwa hiyo usiku wa giza ndio usiku ambao ziwa zima lina injini. Tulikwenda mwanzoni mwa Septemba, wiki chache tu baada ya kufunguliwa, mwezi haupo, na kila mwenye boti alikuwa na njaa ya miezi mitatu. Ukitazama mbele unaona taa kama mji. Ndiyo, ni pazuri kwa macho. Lakini kila moja ya taa zile ina mashine iliyoileta, na juu ya maji sauti inasafiri mbali kwa kuwa hakuna mti wala nyumba ya kuizuia.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo mtakapoangukia. Sisi hizo injini hatukuzisikia. Ninaapa. Tulikaa kwenye mawe usiku wa siku tatu, tukasikia mawimbi, tukasikia nyenje nyuma yetu, tukatazamana tukasema hii ndiyo yenyewe. Boti ilikuwa inapita mbali, akili inaitupa. Ndivyo binadamu alivyo: ukiishi karibu na mashine ya kusaga, baada ya mwezi husikii mashine, unamsikia mtoto akilia. Sikio linachagua. Maiki haichagui. Maiki inabeba kila kilichopo, injini iliyo kilomita mbili kwa uaminifu uleule inaobebea wimbi lililo mguuni pako, na kama upepo unaipiga usoni inabeba upepo kuliko vyote.

Na upepo ulikuwepo. Kiangazi chote ziwa letu linapigwa na upepo wa kusini, unaanza Mei hivi na Septemba bado upo. Kwenye ngozi unaona ni ubaridi mzuri tu. Kwenye maiki isiyo na manyoya, yaani kile kifuniko laini cha kuzuia upepo, ni ngurumo. Binamu yangu alikuwa ameshika rekoda mkononi, na kila alipobadilisha mkono ilisikika kama mtu anaburuta gunia la mihogo sakafuni. Hatukujua lolote kati ya hayo, kwa sababu hatukuwa na hedifoni. Tulikuwa tunaangalia vijiti vya mita. Vinapanda, vinashuka, tunafurahi. Mita inakwambia sauti ni kubwa kiasi gani, haikwambii ni sauti ya nini. Vile vijiti vilikuwa vinachezeshwa na upepo.

Asubuhi ya tatu ndiyo inayoniuma. Kigoma jua linachelewa, mwezi ule linachomoza karibu saa moja, kwa hiyo ukifuata saa za watu wa Dar utakaa gizani muda mrefu ukidhani ndege wamegoma. Tulikaa. Kulipoanza kupambazuka furukombe wawili, wale tai walasamaki wenye kichwa cheupe, wakatua kwenye mti uliokuwa juu yetu kabisa. Mmoja akaita, mwenzake akajibu. Akaita, akajibu. Karibu dakika nzima, wanarusha vichwa nyuma, sauti inagonga mawe inarudi. Rafiki yetu wa gitaa alikuwa analia, na si mtu wa kulia. Nikaangalia rekoda, taa nyekundu inawaka, nikajua wimbo tunao.

Studio, Mwanga ya hapa Kigoma mjini, siku mbili baadaye. Produsa akafungua faili. Kilichotoka kwenye zile spika kubwa ni "vuuuuuu". Mawimbi yapo chini huko, kama mtu anafua nyumba ya tatu. Furukombe walisikika, lakini geini, yaani kiasi rekoda inavyokuza sauti, ilikuwa juu mno na walikuwa karibu mno, kila mlio umepasuka, na katikati ya jibu la pili upepo umepiga maiki ukafunika kila kitu. Produsa akasema msijali. Akatoa ile programu yake ya kusafisha.

Naomba uelewe jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hakuna atakayekudanganya tena. Unaionyesha kipande kidogo cha kelele, inajifunza sura yake, halafu inakwenda kwenye faili lote kuondoa kinachofanana nacho. Kwa sauti ya mtu anayeongea chumbani chenye feni, inasaidia. Sauti ya mtu haifanani na feni. Lakini wimbi la ziwa, mvua, upepo kwenye majani, vyote kwa programu ni kelele. Havina noti moja, vimetapakaa kuanzia chini kabisa hadi juu, karibu kama feni, na injini nyingi za mbali zikichanganyika zinazama humohumo. Hakuna mahali injini inaishia na ziwa linaanzia. Ukiiambia itoe uchafu, ziwa ndilo uchafu. Produsa akaondoa injini kidogo, maji yakaondoka nayo, vikabaki vilio vidogovidogo vya bati, kama mtu anaimba ndani ya debe. Akazidisha. Ikawa mbaya zaidi. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 likasikika kama beseni.

Gharama zilikuwa hivi: boti 90,000, kukodi rekoda siku tatu 120,000, chakula na betri 40,000, studio 250,000. Laki moja na nusu kati ya hizo alitoa mama yangu mdogo, anayeuza dagaa Kibirizi. Alitoa bila kuuliza maswali, alisema tu siku ikiwa tayari nimsikilizishe. Nikamsikilizisha. Ameishi na lile ziwa zaidi ya miaka arobaini. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa maji yako wapi?"

Produsa hakurudisha hata mia. Akasema sisi ndio tulioleta sauti mbovu. Huyo huyo aliyetuambia hedifoni ni za studio, na kwamba mtu anayevaa hedifoni porini anataka kuonekana. Najua wapo watakaokuja hapa chini kuandika kwamba nina chuki na maprodusa. Nina ugomvi na mmoja. Wapo wazuri, na mzuri utamjua kwa sababu kabla hujaondoka atakuuliza utavaa nini masikioni. Wako hajauliza. Amekwambia usivae. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu yeye hatalala kwenye mawe, hatalipa boti, na mkirudi na takataka atalipwa vilevile kwa saa alizokaa akijaribu kuzisafisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na sibadiliki: hedifoni masikioni kabla kidole hakijagusa kitufe, na zisitoke mpaka umezima. Ziwe za waya na zifunike sikio lote, ili unachosikia kiwe kile kinachoingia kwenye maiki. Zangu nilinunua 15,000, si za ajabu.

Nilirudi Kalalangabo katikati ya Januari 2025, mwezi mpevu, peke yangu na rekoda ya kuazima. Nikasimama palepale tulipokaa Septemba, nikavaa. Aisee. Ni kama mtu kaniwashia taa. Nikasikia jenereta kijijini ambayo kwa sikio tupu haikuwepo. Nikasikia koti langu likijisugua. Nikatembea polepole huku nasikiliza, hatua kama kumi nikapita nyuma ya jiwe kubwa, na jenereta ikakatika, jiwe limeizuia. Nikashuka karibu na maji, mlio mkubwa wa jumla ukawa mdogo na vile vilio vya maji yakirudi kwenye kokoto vikaja mbele, tik tik tik, kila punje peke yake. Hapo ndipo nilipoweka rekoda. Sikuishika, niliilaza kwenye begi lenye mchanga, nikaivika kitambaa cha manyoya nilichoshonewa kutokana na kofia ya mtoto. Geini nikashusha mpaka kilele cha wimbi kikawa kama dB -12 kwenye mita, chini ya kikomo cha 0 ambapo sauti inapasuka, ili kitu cha ghafla kikitokea kisipasuke. Simu nikaiweka hali ya ndege, maana ikiwa karibu inapenyeza ule mlio wake wa "dzi-dzi-dzi". Halafu dakika ishirini sikusogea.

Faili hilo halijaguswa na programu yoyote ya kusafisha. Nilikata sauti nzito za chini kabisa tu, chini ya hezi 80, basi. Na biti, yaani mdundo, haikutangulia. Niliyasikiliza mawimbi mpaka nikajua yanavuta pumzi wapi, gitaa likaja kukaa hapo. Ukianza na biti ya kompyuta halafu unalikatakata ziwa ili lilingane, utapata kelele kwenye mstari. Kuna mengi ya kusema hapo, ila bila sauti safi huna cha kulinganisha.

Kuhusu rekoda: ndogo yoyote ya mkononi yenye tundu la hedifoni na inayorekodi WAV, yaani faili lisilobanwa, kwa ubora wa biti 24, 48 kHz. Isiyo na tundu la hedifoni usiiguse hata ukipewa bure. Kama hela ni chache punguza kwenye rekoda, usipunguze kwenye hedifoni na manyoya. Simu inaweza kukutoa kwa mazoezi, lakini simu nyingi zimetengenezwa kubeba sauti ya mtu, zenyewe zinajaribu kufuta kinachovuma nyuma yake, na kwako kinachovuma nyuma ndicho wimbo. Na wenzako wasikutumie sauti kwa voice note ya WhatsApp, inabanwa sana, majani ya migomba yatafika yakiwa mchanga.

Vyura subirini Novemba mvua zikishika. Sasa hivi mtakaa bwawani bure.

Narudi kwenye Ijumaa. Tazama juu usiku huu: mwezi umeisha. Ijumaa yenu ni giza, ziwa litajaa taa, litajaa injini, na nyie mtakaa pale mkiona ni kimya. Mwambieni mwenye boti mnasogeza mpaka mbalamwezi, atawaelewa kuliko produsa wenu, yeye siku hizo hana kazi na huenda akawapunguzia bei. Hizo wiki mbili jifunzeni kwenu Kasulu. Kaeni nyuma ya nyumba na hedifoni, mrekodi kuku, mrekodi mvua ikija, msikie bati la jirani linavyojiingiza.

Kama hamna hedifoni njooni Mwanga mchukue zangu, nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze nyumbani. Waya wa upande wa kushoto umelegea pale kwenye shingo, usiuvute, uzungushe taratibu mpaka usikie pande zote mbili.