Kumpatia mtoa mada maoni ya kweli: kwa mnaoingia kamati za makongamano Mombasa

Ukisimama mlangoni baada ya mada ukauliza "Ilikuwaje?", hapa Mombasa utajibiwa "Mashallah, nzuri sana." Watu wetu wana adabu, na mimi siiombei adabu hiyo ife. Lakini mtoa mada anayeambulia sifa tu atarudi mwakani na slaidi zile zile, maandishi madogo hata safu ya tatu hayasomeki.

Kwa hiyo usiulize mzungumzaji alikuwa mzuri kiasi gani. Muulize msikilizaji yaliyompata yeye: "Ulianza kupotea wapi?" "Utakwenda kujaribu nini kazini?" Mawili yanatosha. Alama za 1 hadi 5 sizipendi, maana watu humwaga 4 na 5 kwa heshima na mtoa mada asijue arekebishe nini. Kikaratasi kimoja kinachosema "ulipofika kwenye jedwali la pili uliniacha, sikujua zile namba zimetoka wapi" kinamfaa kuliko wastani wowote.

Fomu ya mtandaoni ikitumwa jioni, wengi hawaijazi. Wa Likoni anawaza feri, wa Mtwapa anawaza matatu, na bando si la kila mtu. Kubaliana mapema na mtoa mada amalize dakika tano kabla ya muda wake, kisha gawa vikaratasi na kalamu watu wakiwa bado vitini. Kama adhuhuri imekaribia, ongeza nafasi zaidi. Anayekwenda kuswali asilazimike kuchagua. Mtoa mada asikusanye mwenyewe, wala rafiki yake. Weka sanduku.

Jina lisiulizwe, wala namba ya simu. Ukitumia fomu ya Google, hakikisha haikusanyi barua pepe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yenyewe inataka tukusanye kile tu kinachohitajika. Na kama ukumbi ulikuwa na watu wachache, mwandiko nao humfichua mtu, basi yachape maoni upya kabla ya kuyakabidhi.

Kuyakabidhi ndiko kunakotaka moyo. Matusi yatoe, ukosoaji mkali uache kama ulivyo. Usimpe akishuka tu jukwaani, mikono bado inamtetemeka. Mpe kesho yake, kwa maandishi. Akiwa ni mara yake ya kwanza kuzungumza, keti naye myasome pamoja, na mwulize lipi moja atalibadilisha. Malalamiko ya kipaza sauti au joto la ukumbi yaondoe kwenye karatasi yake uyapeleke kwenye kikao cha kamati. Hayo ni yetu.