Mama hakutupa pumba

Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo.

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni somo gani la kiroho umelipata katika kazi za kawaida za nyumbani?" Nililisoma asubuhi nikaliweka pembeni. Usiku, watu wote wamelala, nikalirudia, nikajua sitapata usingizi mpaka nimeandika. Mtaniwia radhi kama nitajibu swali la jirani yake. Kinachonichoma mimi ni hiki: somo likishapatikana nyumbani, ni nani analitoa, na linamwangukia nani?

Nimekaa kwenye jumuiya ndogo ndogo, sisi Wakatoliki majirani tunaosali nyumbani kwa zamu, tangu nikiwa mtoto, na mafundisho ya vyombo vya nyumbani nayajua. Mtu anaingia uani kwa mwenzake, anaona ufagio umeegemezwa ukutani, na papo hapo ana neno la kutuambia kuhusu kitubio. Mama aliyeamka saa kumi na moja kuufagia uwanja huo ili wageni wapate pa kukaa hajaulizwa chochote. Yuko nyuma ya nyumba anachochea kuni za chai. Kazi ni yake, somo ni la mwingine, na mara nyingi yeye hata halisikii kwa sababu ya moshi na kelele za sufuria.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wenzangu tuache tabia hii. Tukifua, tufue. Tukipika, tupike vizuri, chakula kiive, watoto wale washibe. Maandiko tunayo, sakramenti tunazo, mapadre na makatekista tunao. Sioni haja ya kila chungu kugeuzwa mimbari. Huo ndio msimamo niliokaa nao kuandika barua hii.

Nieleze ulikotoka. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo ya mwezi wa sita, nyumbani kwetu bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Mwezi wa sita kwetu mnaujua: mpunga umeshatoka shambani, kila uwanja una turubai, na asiye na turubai anaanika chini na kuomba mvua isirudi. Sisi mwaka ule tulianika chini. Jumuiya yetu ilikuwa ikisali Alhamisi jioni, na zamu ya Alhamisi ile ilikuwa ya kwetu. Mama alipanga amalize kupepeta mchele wake mapema, lakini mashine ya kukobolea ilikuwa imeharibika tangu asubuhi, mchele ukafika nyumbani saa tisa. Saa kumi watu wakaanza kuingia, naye bado yuko chini ya mwembe, miguu ameinyoosha mkekani, ungo mapajani, khanga yake imekuwa nyeupe kwa vumbi.

Alitaka kuinuka. Katekista, mzee mwema aliyenifundisha hata mimi komunyo ya kwanza, akamzuia. "Endelea mama, endelea. Leo Mungu ametuletea mahubiri hapa hapa." Somo la siku lilikuwa jingine kabisa, na aliyepangiwa kulisoma alikuwa ameshafungua Biblia. Likaachwa. Katekista akafungua Mathayo sura ya tatu, penye Yohane Mbatizaji anayesema juu ya yule mwenye pepeto mkononi: ngano ghalani, makapi kwenye moto usiozimika.

Akahubiri muda mrefu. Akamnyoshea mama mkono, akatuambia tutazame ungo unavyopanda na kushuka, tutazame pumba zinavyoruka na upepo. Hivyo ndivyo itakavyokuwa siku ya mwisho. Akaanza kutaja mchele ni akina nani: wanaokuja jumuiya, wanaotoa zaka, wanandoa waliofunga ndoa kanisani. Kisha akaja kwenye pumba. Hapo sauti ikapanda. Wanaokaa kinyumba. Wanaokunywa. Mabinti wasiojitunza.

Hakutaja jina la mtu. Hakuhitaji. Kwenye benchi la nyuma, karibu na banda letu la kuku, alikuwa amekaa binti wa jirani yetu niliyesoma naye shule ya msingi. Alikuwa amerudi kutoka sekondari na mimba ya miezi mitano au sita. Siku hizo ukipata mimba shule ilikuwa imekwisha; ruhusa ya mabinti kurudi darasani baada ya kujifungua imekuja 2021, yeye ameshakuwa mtu mzima. Alikuja jumuiya kwa sababu bibi yake alimlazimisha. Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Nakumbuka alivyoivuta khanga yake mbele, kisha akaanza kuikunja ncha, akaikunjua, akaikunja tena. Nakumbuka kuku mmoja alikuwa akidonoa miguuni pake na hakumfukuza.

Tukafika hatua ya kushirikishana. Kwa kawaida mama hakuwa msemaji. Kwenye jumuiya alisali kumi lake la rozari na kuleta chai. Siku ile aliweka ungo chini, akafuta mikono, akasema, "Katekista, shikamoo. Naomba niseme kidogo kama mwenye ungo."

Nayaandika maneno yake kama ninavyoyakumbuka, na nayakumbuka vizuri kwa sababu tumeyarudia sana nyumbani. Alisema: "Mimi hapa sijatupa kitu. Pumba nazikinga kwenye kiroba kile, ni za kuku na za nguruwe wa jirani, naye hunipa mbolea. Chenga nazitenga, naziloweka, nazisaga, ndizo vitumbua mnavyonunua asubuhi pale njia panda, na ada ya huyu mwanangu imo humo. Chuya nazichagua moja moja, zinarudi kinuni, maana ni mpunga mzuri tu ambao mashine haikuumenya. Ninachotupa ni mawe. Na mawe hayakuota kwenye mpunga wangu. Yametoka kwenye uwanja tulioanikia." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Basi nimeona niseme, nisije nikatolewa mfano wa kazi nisiyoifanya."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema "asante kwa neno hilo" kama ilivyo kawaida yetu. Mzee mmoja alikohoa. Katekista aliitazama Biblia yake kitambo, akasema, "Haya, tuingie kwenye maombi," na maombi yale yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. Chai ikanywewa, watu wakaaga.

Binti yule hakuondoka na bibi yake. Alikuja mkekani, akavua kandambili, akaanza kuchagua chuya zilizobaki. Mama alimsogezea sinia. Giza likawakuta hapo, nikawaletea taa. Hawakuzungumza habari za pumba wala za katekista. Mama alimweleza jinsi ya kuinamisha ungo ili chenga zitangulie. Kuanzia wiki ile akawa anakuja alfajiri kukaanga vitumbua, mpaka tumbo lilipokuwa zito asiweze kuinama kwenye moto. Hata baada ya kujifungua alirudi. Sikuwahi kumsikia mama akimhubiria. Nilimsikia akimwambia chuma kimepata moto mno, vitumbua vitaungua nje na ndani vibaki vibichi.

Najua nimekaa sana hapa, Mhariri, lakini bila hili hamtanielewa.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilisoma sura ile ya tatu kwa utulivu. Yohane hakuwa anazungumza na binti mwenye mimba. Mstari wa saba unasema wazi walikuwa Mafarisayo na Masadukayo, watu wa dini, waliojiona salama kwa kuwa ni watoto wa Abrahamu. Neno lile liliwaelekea waliokaa benchi la mbele. Sisemi kwamba ungo wa mama ulilisahihisha Injili. Makapi ya ngano alikozungumza Yohane yalichomwa kweli, na hukumu ipo, naiamini. Nasema tu kwamba mpepetaji aliyekuwa mbele yetu aliijua kazi ile kuliko mhubiri, na alikaribia kunyamaza.

Hapa ndipo msimamo niliokuja nao unapoanza kulegea, na siwezi kuficha. Maana nikijiuliza ni mahubiri gani kati ya yote niliyoyasikia maishani nimeyabeba mpaka leo, ni yale ya mama, na yalitoka kwenye ungo. Na Bwana wetu mwenyewe alifundisha hivyo. Mwanamke anayewasha taa na kufagia nyumba akitafuta shilingi yake moja kati ya kumi. Kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Mtu aliyegongewa usiku anayesema mlango umefungwa na watoto wamelala naye kitandani. Mambo kama haya hayaokotwi hekaluni, huonwa na anayeishi nyumbani na macho yake yakiwa wazi, na Yesu alikaa Nazareti miaka mingi kabla hajafungua kinywa. Mtazameni mwanamke wa chachu katika Mathayo 13: pishi tatu za unga! Wataalamu wa Biblia hukadiria kuwa hiyo ni mikate ya kulisha watu zaidi ya 100. Nani alijua uzito wa kukanda unga wa namna hiyo kama si mtu aliyemwona mama akijiandaa kwa sherehe?

Lakini angalieni, katika mifano ile mwanamke ndiye mtendaji. Anayefagia analinganishwa na furaha ya mbinguni yenyewe. Hasimamishwi kama kielelezo ili jirani yake aaibike.

Nawafikiria pia watakatifu wetu. Teresia wa Avila aliwaandikia masista wake kwamba Bwana yuko hata jikoni katikati ya vyungu, na aliwaandikia hivyo wale waliopangiwa kupika. Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki 1897, anasimulia jinsi sista mwenzake alivyokuwa akimrushia usoni maji machafu walipokuwa wakifua pamoja. Alitaka kujifuta ili mwenzake aone, akajizuia, akayapokea. Yeye alikuwa ndani ya maji yale. Hilo ndilo linalonifanya nimwamini anapozungumza.

Na Mama Maria? Luka anatuambia aliyaweka mambo hayo yote moyoni mwake. Nilikuwa nautumia mstari huo kama hoja yangu ya kunyamaza. Sasa ninapoandika naona haunisaidii sana, kwa sababu kama angeyaweka moyoni asimweleze mtu, Luka angeyapata wapi? Nauacha hapo, wenye elimu ya Biblia wanisaidie.

Tusisahau pia jumuiya hizi zilikuja kwa ajili ya nini. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele, katika mkutano wa 1976 wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walitaka Kanisa liketi uani, kwenye mikeka yetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, 1964 ulikuwa umeshaiita familia kuwa kama Kanisa la nyumbani. Ukiita nyumba Kanisa kisha wenye nyumba wasiwe na neno, sijui umeita nini.

Basi jibu langu, ambalo nilitaka liwe hapana, limekuwa ndiyo. Tafuteni masomo nyumbani. Ila nina masharti, na la kwanza sitalilegeza hata mkinishauri vipi. Kuna mambo ya nyumbani ambayo hayapaswi kugeuzwa somo. Mwanamke anayepigwa asiambiwe hilo ndilo jiko la kumsafisha kama dhahabu, wala asiambiwe abebe msalaba wake. Nimesikia maneno hayo kwa masikio yangu, tena kutoka kwa wanawake wenzangu, wakimwambia mama mwenye jicho lililovimba. Huyo apelekwe hospitali, apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na jumuiya imsindikize. Vivyo hivyo mtoto mwenye njaa: kwanza uji.

Sharti la pili ni jepesi zaidi, na pengine kuna hali nisizozijua ambamo halifai. Mwenye kutoa somo awe ameishika kazi ile kwa mikono yake, au amempa nafasi ya kwanza aliyeishika. Wapo wanaume wanaopika na kufua, nawajua, na wao waseme. Wapo pia wanawake wanaosema vizuri sana juu ya nyumba zinazofagiliwa na wasichana wa kazi. Katekista wetu sitaki aonekane mtu mbaya. Alikuwa akitembea vijiji vitatu kwa baiskeli kutuletea Neno, na angemuuliza mama swali moja tu kabla ya kuanza, nadhani angehubiri vizuri mno.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi. Majibu mtakayopata yatatoka kwa watu kama mimi, wenye simu na wenye muda wa kukaa usiku kuandika. Swali hili lirudieni, na safari hii mumtume mwandishi wenu kwa wasichana wa kazi na kwa akina mama wa vitumbua. Akae nao wakichambua mboga, ashike kisu naye. Wayaseme yao na myachapishe walivyoyasema, hata wakisema hawajaona somo lolote wiki hii, wamechoka tu na miguu inawauma.