Tiyo ya friji haifai kwenye breki

Bukavu breki si jambo la kuahirisha. Anayeshuka kutoka Kadutu na gari lililojaa watu hana tambarare ya kumsaidia. Ndiyo maana nikikuta tiyo ya chuma inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu imeota kutu na kubanduka magamba, siulizi kama itafika mwezi ujao. Naibadilisha, tena nyumbani, ila tafuta kwanza mahali tambarare: parseli zetu nyingi zimeinama, na jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Weka stendi, zuia magurudumu kwa mawe.

Kuna watakaokuletea tiyo ya friji. Inakunjika vizuri, bei nafuu, na siku ya kwanza breki zitashika kweli. Lakini ni shaba tupu. Ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo ndani ya tiyo linaweza kupita baa 100, wakati tairi la gari dogo lina kama baa 2 tu. Shaba ikitikiswa muda mrefu huwa ngumu, kisha hupasuka, na kutikiswa kwenye barabara zetu hakuna uhaba. Nunua tiyo ya chuma ya breki, au ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli iliyotengenezwa kwa breki. Hiyo ya pili mimi naipenda zaidi: hailiwi na kutu haraka na mkono unaikunja. Magari mengi ya Japani hutumia ya milimita 4.75, lakini nenda dukani na kipande cha zamani mkononi.

Nati za zamani zimwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Pembe zake zikianza kulika na ufunguo ukateleza, kata tiyo karibu na nati uingize soketi ya pembe sita. Moto usiusogeze, mafuta ya breki yanawaka.

Kazi yenyewe iko kwenye mdomo wa tiyo. Toyota za zamani kwa kawaida zinataka mdomo uliokunjwa mara mbili, wa nyuzi 45. Magari mengi ya Ulaya yana mdomo wa mviringo kama kitufe. Kimoja hakizibi mahali pa kingine, hata ukikaza hadi jasho likutoke. Kata kwa kikata-tiyo cha gurudumu, si kwa msumeno, safisha vipande vya chuma, na ingiza nati KABLA ya kutanua mdomo. Fanya majaribio kwenye kipande cha kutupa. Na yule anayetaka kuunga katikati kwa pete ya kubana, mwambie hiyo ni ya maji ya bomba.

Pitisha tiyo mpya palepale ilipopita ya zamani, mbali na egzosi, na rudisha vishikio vyote.

Mafuta ya breki ni ya aina ya DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko cha kopo lake kwenye gari kinavyosema, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, maana hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya injini huvimbisha mipira yote ya kuzibia. Toa upepo ulioingia kwenye tiyo, mara nyingi ukianza na gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali. Gari likiwa na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki, soma kwanza kitabu chake.

Kisha washa injini, kanyaga kwa nguvu dakika nzima. Pedali ikizama polepole, gari halitoki getini. Isipozama, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, na urudie kesho yake asubuhi.