Uhandisi na ushairi kwa pamoja?

SWALI: Shikamoo bibi. Binti yangu kapata nafasi ya uhandisi wa ujenzi, naye ataka asome na historia na ushairi. Wajomba zake wasema ni kupoteza karo. Nifanyeje? – Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwache asome! Smith College, chuo cha wanawake Marekani chenye fasihi na falsafa, kilianzisha uhandisi mwaka 1999.

Nyumba yangu ya Mkomani ni ya matumbawe na chokaa. Fundi msomi aliipiga lipu ya saruji. Unyevu ukakosa pa kutokea, ukuta ukafura, nakshi za zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zikamomonyoka mkononi mwangu. Hesabu alizijua. Ukuta ule ulijengwaje, hakuuliza.

Ila kabla ya kulipa, kiulizeni chuo kama masomo hayo yatahesabiwa kwenye shahada.